Nimealikwa nikah msikitini hapa Goma na mimi ni mtu wa misa: nisije nikaaibisha watu

Mwana_wa_Himbi (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Mwenzangu wa kazi, kijana tunayeuza naye saruji na mabati depo moja huu mwaka wa sita, anaoa Jumamosi hii. Nikah ni alasiri msikitini, upande wa Birere, halafu karamu kwao Mabanga. Ameniambia, "Wewe utakaa na ndugu zangu, si na wageni." Hapo ndipo roho ilipoanza kunidunda. Tangu nizaliwe sijakanyaga msikiti. Nimepita mbele ya mlango mara elfu, adhana naisikia kila alfajiri kabla kengele ya parokia haijalia, lakini ndani sijui kuna nini.

Mimi Mkatoliki, nina kipaimara, mke wangu yuko kwaya. Je, tunaruhusiwa kweli, au huyu ndugu ananialika kwa mapenzi tu halafu wazee wanitoe? Mke wangu naye ameshashonesha kikwembe (kitenge) cha ndoa, modeli ya mabega wazi, na fundi ameshakula pesa yake. Kikapu cha sadaka kitazunguka, nijue niweke noti gani mfukoni? Na wakianza kusali mimi nisimame, nipige magoti, niiname nao, au nitoke?

Sitaki mahubiri ya dini ipi ni ya kweli. Nataka kujua mtu akifika mlangoni anafanya nini.

Chukudu_la_Mabanga

Natega kiti hapa. Nina mwaliko kama huo wa Desemba.

MamaKitambala

Karibu sana, na mke wako karibu zaidi, maana wanaume watajibu yenu na kusahau yetu.

Modeli ya mabega wazi isikutoe jasho. Kikwembe kinauzwa yadi 6, na modeli kama hiyo haimalizi zote. Mwambie mkeo amuulize fundi kipande kilichobaki kiko wapi (mafundi wengine hukifanya chao). Ajitande nacho kama shali, kishuke mpaka kwenye viwiko. Kichwani afunge kitambala, lakini si lile lemba la harusi lililopanda kama mnara huku nywele za nyuma zinachungulia. Afunge cha kukaza, masikio ndani, na kipini chini ya kidevu. Kipini nasisitiza. Vitambala vya kuteleza vina tabia moja: unainama kuvua viatu, chenyewe kinashuka mabegani mbele ya wazee wote. Nimeona kikimfanyia hivyo dada mmoja mgeni, na aibu ilikuwa yetu wenyeji kwa sababu hatukumwambia mapema.

Sketi ifike kwenye kifundo. Kama ina mpasuo, aushike kwa sindano ya mkono, kesho yake ataufumua. Manukato ya kujaza ukumbi ayaweke ya karamuni.

Asikufuate mlango mkubwa. Wanawake wana mlango wao, mara nyingi wa ubavuni. Kwingine wanakaa juu, kwingine ni pazia tu limewatenga. Akifika aseme "nimekuja nikah ya fulani", atashikwa mkono na kuonyeshwa pa kukaa. Kwa kina dada wanaonifuatilia kimya: siku za hedhi sisi wenyewe hatukai ndani ya msikiti, tunabaki uani au nyumbani. Lakini mgeni hakuna atakayemsimamisha mlangoni kumuuliza jambo hilo.

Jambo jingine, na hili huwachanganya wageni kuliko viatu: bibi harusi huenda asiwepo. Nikah inafungwa na walii wake, baba au kaka, pamoja na bwana harusi, mbele ya mashahidi wawili. Mwenyewe mara nyingi yuko nyumbani na hina yake mikononi, anangoja kuambiwa "tayari". Kwa hiyo msikae mnageuka kila mlango ukilia.

Motari_Majengo

Mimi niko motari, kila siku ya Ijumaa niko nabeba batu ku musikiti. Nitakuambia kitu moja tu yenye bakubwa habatakuambia: angalia soksi yako. Siye batu ba Goma tunatembea mu vumbi nyeusi ya volkano, inaingia mu viatu, inaingia mu soksi. Ukivua pale ku mulango, miguu iko sawa ya mutu alikuwa anachoma makala. Na kama soksi iko na tundu, kidole kikubwa ndiyo kitasalimia imamu mbele yako. Vaa soksi mupya. Beba na ingine mu mufuko.

Katoyi_Juu

Samahani ndugu, usidanganywe na utamu wa hawa. Mimi niliambiwa na jirani yangu, Mwislamu kabisa wa swala tano, kwamba asiye Mwislamu haingii msikitini na kuna aya. Usije ukaenda na mkeo amependeza, mkarudishwa mlangoni kama wezi.

BinKasongo

Jirani yako hakusema uongo, ila ameshika kipande. Aya ni ya 28 katika Sura At-Tawba, na inautaja Msikiti Mtakatifu, yaani wa Makka. Kuhusu misikiti mingine wanazuoni walitofautiana. Wafuasi wa Imam Malik walikaza: asiingie ila kwa haja. Wa Abu Hanifa waliruhusu. Wa Shafi, ambao ndio wengi kule pwani ya Waswahili, wanasema aingie kwa idhini ya Waislamu. Jirani yako pengine alifundishwa na mwenye msimamo mkali katika hilo, simlaumu.

Mimi huwa nawasimulia vijana habari ya Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa. Alikamatwa akiwa adui, akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume kule Madina. Si uani, si nje: ndani, kwenye nguzo. Kila siku Mtume anapita, anamuuliza ana lipi la kusema. Siku ya tatu akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda akaoga, akarudi kwa miguu yake kusilimu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sasa kama mtu alikaa msikitini siku tatu akiwa adui aliyefungwa, wewe uliyealikwa ndoa utakosaje kaeneo? Na vitabu vya sira, yaani vya maisha ya Mtume, vinasimulia ujumbe wa Wakristo wa Najran, waliopokewa katika msikiti huohuo, na wakati wao wa ibada ulipofika wakasali humo kwa kuelekea mashariki.

Nina sababu ya kulisema hili kwa kirefu. Babu yangu ni wa Kasongo. Baada ya ile vita ya 1892 hadi 1894, Wabelgiji walipowavunja Waarabu wa Maniema na Waungwana, yaani Waafrika waliokuwa nao, Mwislamu wa nchi hii alibaki mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Shule zilikuwa za mapadri; ukitaka mtoto asome, unajua ulichoambiwa. Hata lugha hii tunayoandikia hapa waliiita Kingwana kwa sababu ya hao Waungwana. Babu alikuwa akisema watu wa dini nyingine walipita mbele ya msikiti wao kwa kuvuka barabara. Kwa hiyo mzee wa rika langu akikuona umevaa suti, unaingia kwa hiari yako kushuhudia ndoa ya mwenzako, hawezi kukutoa. Atakutafutia ukuta wa kuegemea.

Katoyi_Juu

Nimekuelewa mzee, aksanti. Lakini idhini ya bwana harusi ndiyo ya imamu?

BinKasongo

Hapo umeuliza vizuri kuliko sisi tuliojibu. Hapana. Bwana harusi amwambie imamu mapema, kabla ya siku, kwamba kuna marafiki Wakristo wanakuja, wangapi, na kama kuna wanawake. Imamu akijua, na mlinzi wa mlango anajua. Misukosuko mingi niliyoiona ilianzia kwa mlinzi ambaye hakuambiwa chochote.

Yaya_Ndosho

Mniruhusu nicheke kidogo. Binamu yangu alipooa kwa Waislamu tulikwenda ukoo mzima. Shangazi yangu, mtu wa Legio ya Maria, kile chama cha Wakatoliki, tangu usichana, akaingia uani akaona mabomba na watu wanashika maji. Akajua moja kwa moja. Akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba polepole, kwa Jina la Baba mpaka Amina, katikati ya wazee waliokunja suruali. Kimya kikapita. Mzee mmoja akamsogezea kigoda, akamwambia, "Mama, miguu bado."

Akaosha miguu. Mpaka leo anasema Waislamu nao wana maji ya baraka, ila wanaanzia chini.

Mwana_wa_Himbi

Yaya umeniua, nimecheka mpaka mteja akaniuliza saruji imekuwa na nini. Lakini hapo ndipo swali langu: mimi nioshe au nisioshe? Na salamu? Mimi nimezoea ile yetu ya kugusana vichwa, kushoto, kulia, paji kwa paji.

BinKasongo

Kutawadha ni kwa anayekwenda kusali. Wewe si lazima. Ukitaka kutoa vumbi miguuni nawa, hakuna atakayekukataza, lakini fungua bomba kama uzi. Goma tunaishi kando ya ziwa na bado tunanunua maji kwa bidoni. Siku umeme ukikata, tangi la msikiti hujazwa kwa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma mizigo, na kwa migongo ya vijana. Mtume alitawadha kwa mudd moja, kipimo kisichofika lita. Ukipiga hesabu, bidoni moja ya lita 20 inatosha watu ishirini na zaidi wenye adabu, au wanne wa siku hizi.

Salamu: "Jambo" inatosha. Ukisema "Assalaam alaykum" hakuna atakayekasirika. Vichwa, mwanaume kwa mwanaume, pigeni huko uani. Mwanamke usimwanze mkono. Weka wako kifuani, inamisha kichwa, yeye akikupa wake basi ameamua mwenyewe.

Kukaa. Kama nikah ni baada ya swala ya alasiri, mtaikuta swala au mtaingia imemalizika. Ukiikuta, kaa nyuma kabisa, kimya, huna haja ya kusimama wala kuinama. Kuinama ukaiga si heshima, wengine wataona unafanya mzaha. Cha kuogopa ni kimoja: usikatize mbele ya mtu anayesali. Hadithi inasema anayepita angejua dhambi yake angeona bora asimame arobaini, na mpokezi hakukumbuka kama alisikia siku, miezi au miaka. Basi zunguka nyuma, hata kama ni mbali.

Nyuma ni wapi? Nikupe alama ya Goma. Kibla, yaani upande wa Makka tunaoelekea tukisali, kwetu ni kaskazini ikielemea mashariki. Simama utazame mlima wa volkano, Nyiragongo, kisha geuza shingo kulia kidogo tu. Hapo ndipo safu zinapoelekea, na ziwa liko mgongoni. Kwa hiyo mgeni ukipotea ndani, tafuta ukuta wa upande wa ziwa. Miguu usiinyooshe kuelekea mihrabu, pale mbele anaposimama imamu. Sikwambii ni haramu, ni malezi tu. Kama hujazoea kukaa chini, omba kiti, siku hizi viko kwa ajili ya wazee wa magoti.

Kikapu hakizunguki. Kuna sanduku karibu na mlango, anayetaka anatia, hakuna anayehesabu. Bahasha yako ipeleke karamuni.

Na saa sita za mchana usipite kwenye michopo (nyama choma) ukala kitunguu kibichi. Tuna hadithi kabisa inayomwambia aliyekula kitunguu au saumu ajitenge na msikiti, na hiyo ni kwa sisi wenyewe. Bia ya Primus ndiyo usifikirie hata nusu chupa. Utakaa bega kwa bega na watu.

Kimbangu_Virunga

Mnavyoshangaa viatu! Sisi Wakimbangu, Wakristo wa kanisa la Simon Kimbangu, tunavua viatu tukisali na mama zetu wanafunika vichwa, hakuna anayetufungulia uzi. Musa aliambiwa avue kwenye Kutoka 3:5, na Waislamu wanayo hiyohiyo katika Sura Ta-Ha, aya ya 12. Vueni mnyamaze.

Fundi_Simu_Birere

Kuvua sawa, tatizo ni kuvipata. Siku ya ndoa kila mwanaume amevaa viatu vyeusi vyenye ncha. Mimi niliwahi kurudi nyumbani na kiatu cha kushoto changu na cha kulia cha mtu, namba 44, na nilishangaa njia nzima kwa nini nachechemea. Funga kamba za viwili pamoja, au viweke kwenye mfuko uingie navyo ndani, nyayo zikiwa zimekutana ili vumbi lisidondoke kwenye zulia. Usiviache katikati ya kizingiti watu wakakanyaga. Na vua kabla ya zulia kuanza, si ukiwa juu yake unaruka kwa mguu mmoja.

Simu zima. Simu, si sauti tu.

MamaKitambala

Naongezea picha. Ndoa zetu za Goma mpiga picha ni kama shahidi wa tatu, lakini msikitini ulizeni kwanza, na upande wa wanawake msiinue simu kabisa. Kuna dada wamevua baibui kwa sababu wako wenyewe kwa wenyewe. Vigelegele vimeze mpaka uani. Uani achia mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, wasikie.

Mwana_wa_Himbi

MREJESHO.

Jana tumekwenda. Nilimwambia bwana harusi mapema amtaarifu imamu, akanicheka, lakini alifanya. Mlinzi aliponiona tu akasema, "Wewe ndiye wa saruji," akanipeleka ukuta wa upande wa ziwa. BinKasongo, nilikukumbuka.

Nitaanza na kosa. Simu nilizima sauti, sikuzima simu, na kumbe kengele ya kukumbusha haiheshimu ukimya. Imamu yuko katikati ya hotuba ya nikah, mfuko wangu ukaanza kuimba "Gloria" ya kwaya ya mke wangu. Nilitafuta kile kitufe kwa mikono miwili kama mtu anayezima moto. Imamu akangoja. Nilipofaulu, akaendelea neno lilelile alipokuwa ameachia, hata hakunitazama. Mtoto mmoja mbele yangu ndiye aliyegeuka na kunitazama mpaka mwisho.

Nikah yenyewe ilinishangaza kwa ufupi. Mimi nimezoea misa ya ndoa ya saa mbili na nusu pamoja na matangazo. Hapa walikaa chini, magoti kwa magoti, baba wa msichana na mwenzangu, wakashikana mikono ya kulia, mashahidi kando. Baba akasema anamwoza binti yake kwa mahari iliyokubaliwa, akaitaja. Mwenzangu akatakiwa kujibu kwamba amekubali. Huyu kijana kila siku anapandisha mfuko wa kilo 50 begani huku anapiga mluzi. Mkono ulikuwa unamtetemeka mpaka mkono wa kanzu ukawa unacheza. Jibu la kwanza likatoka kama kikohozi. Imamu akamwambia arudie, wasikie mashahidi. Akarudia. Ikaisha! Mimi bado najiweka sawa kuanza kusikiliza, watu wameshainua viganja kuomba dua. Vyangu niliviacha magotini, nikasema maombi yangu ya ndani, hakuna aliyenigusa.

Tende na kahawa ikapita. Kahawa chungu, kikombe kidogo kama cha mtoto kuchezea.

Mke wangu alikaa juu na kina mama. Kipini kilifanya kazi. Kipande cha kikwembe kweli fundi alikuwa amekiweka kando "kwa usalama", tukakipata baada ya maneno. Anasema wanawake hawakumuuliza chochote, mmoja alimpa mtoto amshike ili yeye asali, na mtoto akamlalia mpaka mwisho, kwa hiyo nikah hakuiona, aliisikia tu kupitia spika. Tulipotoka uani nani alianza vigelegele? Mtu wa kwaya. Wakamwitikia.

Viatu nilivifunga kamba pamoja, navyo nikavikuta palepale, ila vimejaa maji kwa sababu niliviacha karibu na mabomba. Soksi ya pili ya Motari imeniokoa.

Motari_Majengo

Mimi nilisema!

Chukudu_la_Mabanga

Umesema yote isipokuwa la maana. Karamuni pilau ilikuwa ya mbuzi au ya ng'ombe, na mgeni alikula sahani moja na wenyeji au alitengewa?

Mwana_wa_Himbi

Ya mbuzi. Sinia moja watu watano, kwa mkono. Mimi nikakaa upande wa nyama.